Tasbihi na panga la babu yako

Tanga, Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima wote, mvua tu ndiyo imetubana ndani. Ama baada ya salamu: babu yako, yaani kisanamu chake ulichotaka nikitengeneze kutoka ile picha yake ya zamani ya vitani, amesimama. Yuko mezani hapa mbele yangu, miguu yote miwili juu ya kizibo kimoja cha soda, urefu wake sentimita tano na kofia kichwani. Najua ulitaka picha ya kazi yangu kwanza, maneno baadaye. Safari hii utaanza kusoma, maana kuna jambo.

Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Kiingereza la Waafrika Mashariki) sikumpata kwenye sanduku lolote la vinyago vya plastiki, kwa hiyo nilinunua askari wa miguu wa Kiingereza, skeli ya 1/35 (yaani mdogo mara 35 kuliko mtu halisi), nikamchuna. Pua na midomo nimeifinyanga upya, kofia ya chuma nimeitupa. Ukitaka kujua kwa nini 35 na si 30 au 40, ni kichekesho: miaka ya 1960 mwanzoni Wajapani wa Tamiya walitengeneza kifaru kidogo cha vita, cha aina ya Panther, chenye mota, wakakipa ukubwa wa kutosha kumeza betri zake. Walipokuja kupima wakakuta ni kama 1/35 ya kifaru chenyewe. Basi tangu hapo watu dunia nzima tunagawanya kwa 35 kwa ajili ya betri.

Tasbihi yako ndiyo imenila siku nne. Ulisema lazima ionekane inaning'inia mfukoni kama kwenye picha, na mimi nikajibu "hakuna shida" kabla sijapiga hesabu. Punje ya milimita saba, ukigawa kwa 35, ni sehemu mbili za kumi za milimita. Tasbihi nzima ya punje 33, ukiinyoosha, haifiki milimita saba. Nilijaribu kuviringisha vipunje vya pati (udongo wa kufinyangia unaoganda wenyewe), vikatoka kama vinyesi vya panya. Nikajaribu uzi wa kushonea wenye mafundo, kila fundo likawa chungwa. Mwishowe nikachana waya wa chaja iliyokufa, nikachomoa nyuzi mbili za shaba, nyembamba kama unywele wa mjukuu wako, nikazisokota pamoja. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu usiku: shaba iliyosokotwa ikiwa ndogo kiasi hicho jicho linaiona punje punje. Nikaipaka nyeusi, kisha nikapitisha juu brashi iliyokaribia kukauka yenye rangi ya kahawia. Migongo tu ya msokoto ndiyo iliyoshika rangi. Usizihesabu, hazifiki 33 wala sikujaribu.

Ya kwanza iliniruka kwenye kibano. Mama watoto akanikuta nimelala kifudifudi na tochi chini ya kabati, akauliza natafuta nini. Nikamwambia tasbihi. Alinitazama kwa upole sana, nadhani alidhani hatimaye nimeongoka.

Sasa panga. Bapa lake ni kipande cha kopo la soda, milimita 14. Ala nimeitengeneza kwa pati ile ya rangi mbili, bluu na njano, unaikanda mpaka iwe kijani, kama unga wa chapati ila hii usile. (Ukinunua ya utepe, pale katikati bluu na njano zinapokutana imeshaanza kuganda tangu dukani. Kata utupe, la sivyo utapata chembe ngumu kila mahali. Mimi nilijifunza kwa hasara.) Nikaisukuma kwa chupa juu ya nailoni iliyopakwa mafuta ya mgando, nikaiacha saa nzima hadi ikawa kama ngozi mbichi, haikunati vidoleni na bado inakunjika. Nikaikata kwa wembe, nikalivisha bapa. Misumari ya ala nimeigonga kwa ncha ya sindano ya bomba: ukibonyeza kidogo inaacha kiduara, na kiduara hicho ukikipaka rangi ni msumari mtupu. Nyuma kuna kitanzi cha mkanda ambacho hakuna atakayekiona ila mimi na wewe.

Nikalibandika kwa supaglu kwenye nyonga ya kulia, sawasawa na picha yako. Mwenye mashoto huchomoa kutoka kulia, na nyumbani kwenu tangu tuko darasa la pili nasikia kwamba mashoto yako umeyatoa kwa babu, "tazama panga lake." Sikuwa na sababu ya kubisha.

Jana nikaanza vifungo vya shati. Nikaweka lenzi juu ya picha nione viko vingapi. Vipo vitano, sawa, ila shati limefungwa upande wa kulia juu ya kushoto, kama blauzi. Shati la mwanamume, la jeshi tena, upande wa kushoto ndio unaolala juu. Nikavua langu nikalitazama, nikatoka nje nikamtazama jirani. Nikarudi kwenye picha. Na ile kofia yake ya ukingo mpana, ambayo niliona imekunjwa upande wa kulia nikasema huu ni ubishi wa mzee tu, nayo desturi yake ni kukunjwa kushoto.

Swahiba, picha imesafishwa kinyume. Filamu iliwekwa kwenye mashine ikiwa imegeuka. Nyuma pameandikwa tu "Burma 1944", mwaka ambao Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiteremka Bonde la Kabaw katika mvua na tope mpaka Kalewa, kwenye mto Chindwin. Sitamlaumu aliyeisafisha, popote alipokuwa. Lakini geuza picha kwenye kioo: kofia inakaa sawa, shati linakaa sawa, na panga linakuwa nyonga ya kushoto, mahali pa mtu wa mkono wa kulia kama mimi.

Kofia nimeshaivunja nikaifanya upya leo asubuhi. Tope nimempaka mpaka magotini, hilo halina kulia wala kushoto. Tasbihi itahamia mfuko wa pili. Panga sijaligusa. Supaglu ni supaglu, nikiling'oa ala itapasuka nami nianze tena tangu kukanda, lakini si hilo linalonizuia.

Shangazi yako bado yupo na akili zake ni timamu. Mpigie, muulize mzee alikuwa akipasua kuni kwa mkono gani. Usimwambie kwa nini unauliza. Nitasubiri.

Wako,
Fundi Vidude