Lile swali lako la bomu

Kaka Shabani,

Vipi Kigoma, mvua zimeanza? Huku Tabora maembe yanadondoka mpaka barabarani, we njoo tu hutonunua hata moja.

Sikia, lile swali lako la kwenye treni limenikalia. Bomu limetegwa sokoni, jamaa mmemkamata na hasemi, ungemfanyaje? Nlikujibu chapchap wambane tu. Sasa hapo ndo nataka kujirudi.

Unamkumbuka yule dogo wa bodaboda aliekuwa anapaki karibu na kwetu? Pikipiki iliibiwa mtaani wakambeba yeye, na mi nlikuwa kwenye lile kundi la kusema akabanwe atasema. Na kweli akasema! Mara kaificha Sikonge, wakaenda hamna, mara kaiuza Urambo, hamna, yani kila wakimgonga anataja sehemu mpya ili mradi wapumzike kumpiga. Wiki mbili baadae ikakutwa Nzega kwa shemeji wa huyo mwenye pikipiki iliyoibiwa. Dogo karudi nyayo hazikanyagi chini, mpaka leo nikipita kijiweni ananiamkia vizuri tu, shkamoo kaka, na mi napitiliza kama nina haraka.

Wamarekani nao yaleyale. Ibn al-Shaykh al-Libi, mshukiwa wa Al-Qaeda waliekuwa wamemshika, walimpeleka Misri, kubanwa huko akasema Iraki inawafundisha Al-Qaeda mambo ya silaha za kemikali, Colin Powell, waziri wao wa mambo ya nje, akayabeba mpaka Umoja wa Mataifa Februari 2003, mwezi uliofuata wakaivamia Iraki, al-Libi akaja kukana baadae watu wameshakufa. Na Khalid Sheikh Mohammed, yule anaetajwa kupanga mashambulizi ya Septemba 11, walimlaza wakammwagia maji usoni apaliwe mara 183, sasa kama dawa inatibu dozi inafikaje 183?

Na usiniambie hayo ya Wazungu. Mwaka 1976 kule Mwanza na Shinyanga waliokamatwa kwenye msako wa mauaji ya ushirikina waliteswa wengine wakafa, mzee Mwinyi alikuwa waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu 1977, wakati yeye mkono wake haukumgusa mtu.

Sikudanganyi lakini, mwanangu angekuwa hapo sokoni pengine rungu ningelishika mwenyewe. Ila swali lako lina ujanja kaka, limeshaamua kwamba tuliemshika ndo mwenyewe, na sisi kwa yule dogo tulikuwa na uhakika hivyohivyo.

Haya nijibu, mbishi we. Na dagaa zangu mpe yeyote anaepanda treni.

Wako,
Juma