Kabla hujatia sahihi

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, baridi tu ndiyo inatutoa roho. Mguu vipi? Ya kina Zuhura nitakupa siku nyingine, maana Salum kaniambia bima ya lile ghala ulikoumizwa na foklifti wameshataja fidia ya pauni 40,000, nawe unangoja karatasi tu ufunge kesi. Mwanaidi, tulia kwanza.

Muulize mwanasheria wako swali moja: hizo 40,000 ni kabla ya makato ya CRU au baada yake? Asikujibu "usijali". CRU ni kitengo cha DWP, ile idara ya serikali ya Uingereza inayolipa benefiti, na kazi yake ni kuzidai zirudi mtu akilipwa fidia. Bima alitakiwa kuwaarifu ndani ya siku 14 tangu ulipodai, nao wakaorodhesha benefiti ulizopewa kwa sababu ya ile foklifti, kuanzia siku ya pili yake mpaka kesi iishe, isizidi miaka 5. Bima ndiye anayewarudishia, halafu anakugeukia wewe na mkasi, anakata fidia yako. Wengi hudhani hapo wameibiwa, kumbe hawakuelezwa tu.

Lakini mkasi huo una mipaka, ndiyo sheria ya 1997. Fidia ya maumivu haiguswi hata peni. Universal Credit, ile benefiti ya wenye kipato kidogo, inakatwa kwenye mshahara uliopotea tu. PIP, ile benefiti ya wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, ina mafungu mawili: ya maisha ya kila siku inakatwa kwenye gharama za kuhudumiwa, na ya kutembea kwenye fidia ya kushindwa kutembea. Hata huo mshahara ni wa kipindi hicho kilichopita. Ule utakaoukosa miaka ijayo hawaugusi.

Tuseme 40,000 yako ni maumivu 14,000, mshahara uliopita 18,000 na huduma 8,000. Cheti cha CRU, yaani ile orodha yao, kinasema Universal Credit 11,000, PIP ya kila siku 5,000, PIP ya kutembea 2,500. Kwenye mshahara unabaki na 7,000, kwenye huduma 3,000, maumivu yote 14,000. Mkononi 24,000. Na zile 2,500? Hukulipwa fidia yoyote ya kutembea, kwa hiyo bima hana pa kuzikatia. Atazilipa mfukoni mwake. Ukiona kazikata kwenye maumivu, piga kelele. Ndiyo maana nasema usikubali jumla moja isiyogawanywa, hujui nini kimekatwa wapi. Na wakisema nawe ulikuwa na robo ya kosa, fidia yako itapungua robo, ila deni la CRU halipungui.

Cheti chenyewe omba nakala ukisome mstari kwa mstari. Kama kuna PIP uliyokuwa ukiipata kwa pumu yako tangu zamani, haistahili kuwemo. Kuomba waangalie upya unaweza hata leo. Rufaa hasa mpaka kesi iishe na deni liwe limeshalipwa.

Sasa la pili, la fidia kukukatizia benefiti, ndilo linalonikosesha usingizi, maana nasikia Kassim ameshaanza kukutafutia kiwanja Fuoni, huko Unguja. PIP haiangalii akiba yako, ukiwa na milioni utalipwa. Universal Credit inaangalia, tena yako na ya mumeo kwa pamoja. Chini ya 6,000 hawana neno. Juu ya hapo kila 250, au kipande chake, wanahesabu kama unaingiza 4.35 kwa mwezi. Mwenye 10,000 anapunguziwa 69.60. Ikipita 16,000, inasimama kabisa.

Fidia ya kuumia wanaiacha miezi 12 tangu uipokee. Ndani ya muda huo iingize kwenye mfuko wa amana wa fidia ya majeraha. Mwanasheria anaandika hati, mnateua wadhamini, wawili ni vizuri, kisha inafunguliwa akaunti ya benki kwa jina la mfuko. Iliyomo humo haihesabiki hata miezi 12 ikipita. Ila isichanganywe: hela ya upatu wa kina Bi Rehema isiingie humo, wala mshahara wa mumeo. Ukitaka friji, mfuko umlipe muuzaji moja kwa moja; ukijihamishia mafungu makubwa kwenye akaunti yako, umerudi kulekule. Na usiwafiche DWP. Waandikie siku pesa inapoingia, uwaambie ni fidia ya kuumia.

Kiwanja kikiwa kwa jina lako, ni mali yako hata kikiwa Unguja, na thamani yake wanaihesabu. Ukimpa Kassim fedha "akushikie", wanaweza kusema umejipunguzia makusudi ili uendelee kulipwa, wakakuhesabia kana kwamba bado unazo. Kulipa madeni ruhusa, kununua vitu vya maana nyumbani ruhusa, weka risiti. Kassim hatoi risiti, tunamjua.

Enhe, karatasi imeshafika au bado? Wameandika mgawanyo, au ni jumla tu? Zile pesa za fidia walizokutangulizia mwaka jana zilikuwa ngapi, na ziliingia mwezi gani? Maana nazo zina miezi 12 yake. Mumeo ana akiba yoyote asiyokwambia? (Muulize kwa upole.) Kassim umeshamtumia kitu? Nani utamweka mdhamini, Salum? Mimi niko tayari, ila uamuzi wako. Nijibu kabla ya Ijumaa basi.

Wako,
Asha