Zabibu za Darini

Negrar, Verona, Italia
18 Januari

Mama Neema, rafiki yangu,

Mbukwa! Habari za Hombolo, habari za watoto? Na mama anaendeleaje na yale magoti? Mfikishie shikamoo yangu wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Mimi mzima. Baridi tu ndiyo imekaza, na vidole vyangu vimeingia rangi ya zambarau isiyotoka hata kwa ndimu, kwa sababu juzi na jana tulikuwa tunakamua zabibu.

Najua hapo umesimama kusoma. Zabibu gani Januari, wakati huku mizabibu yote imepukutika majani na milima ya kaskazini ni nyeupe kwa theluji? Hilo ndilo lililonikalisha mezani leo.

Barua yako ya Septemba niliisoma mara tatu. Ulipofika pale ulipoeleza kwamba lori la mnunuzi halikuja, kwamba makreti yalikaa siku nne chini ya mti, na siku ya tano vichala vikaanza kuvuja na nyuki wakajaa, niliiweka chini nikatoka nje. Shamba lile nalijua. Mashimo yake tulichimba pamoja, mimi na wewe na marehemu kaka, na maji tulibeba kichwani. Sikukujibu upesi kwa sababu nilikuwa na neno moja tu la kukupa, pole, na pole hailipi mkopo. Sasa nina jambo la kukueleza.

Hizi zabibu tulizokamua jana tulizivuna mwishoni mwa Septemba. Zimekaa darini karibu miezi minne. Hazikuoza. Zilinyauka.

Dari lenyewe wanaliita fruttaio. Ni ghorofa ya juu ya nyumba ya mavuno, ndefu, ina madirisha pande zote mbili ili upepo upite kati. Vichala vinapangwa safu moja tu ndani ya makreti mapana, havipandiani. Mzee mwenye shamba anapanda kila asubuhi kabla ya kunywa kahawa. Kukiwa na upepo mkavu anafungua madirisha. Ukungu ukishuka kutoka bondeni anafunga. Punje iliyoota ukungu mbaya inatolewa siku hiyohiyo, maana moja huambukiza kichala kizima. Zamani, ameniambia, walitumia vichanja vya matete vinavyoitwa arele, na vichanja hivyohivyo majira ya kuchipua vilifugiwa viwavi wa hariri. Kreti niliyoipima mimi mwenyewe iliingia na kilo 6, ikashuka na kilo 4. Kilichopotea ni maji. Sukari karibu yote imebaki.

Kilichonigusa ni kwamba nilipoingia mle mara ya kwanza sikumwona Mwitaliano. Nilimwona bibi. Nilimwona juu ya paa la tembe, ameinama, anageuza mlenda kwa kiganja, anatuambia wingu likionekana upande wa Kongwa tukimbie kuukusanya. Sisi Wagogo kuanika hatukufundishwa na mtu. Tunaanika mboga, tunaanika nyama, mahindi ya mbegu tunayaning'iniza juu ya moshi. Zabibu peke yake ndizo tunakaa nazo tukisubiri lori.

Nikueleze basi zinavyogeuka, kwa sababu ukilielewa hili umeelewa nusu ya mivinyo yao. Zabibu iliyonyauka ina sukari nyingi kwa kila tone. Ukiikamua, chachu inaanza kuila ile sukari na kuigeuza kileo. Ikikoma mapema, unabaki na mvinyo mtamu mzito, na huo ndio Recioto, mvinyo wa zamani wa bonde hili la Valpolicella. Jina lake limetoka kwenye neno la hapa la sikio, recia, kwa sababu kila kichala kina mabega mawili yanayochomoza juu kama masikio. Ndiyo yanayopigwa jua zaidi, na ndiyo waliyoyachagua. Wanaunywa sikukuu, na Noeli wanaunywa na pandoro, mkate mtamu wa hapa Verona. Lakini chachu isipokoma, ikaila sukari karibu yote hadi mwisho, utamu unaondoka na unabaki mvinyo mkali, mweusi, wenye uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Huo ndio Amarone, na jina lake limetokana na neno la uchungu. Kisheria haushuki chini ya asilimia 14 ya kileo. Hapa Negrar wanasimulia kwamba mwaka 1936 pipa la Recioto lilisahauliwa kwenye ghala la ushirika wa wakulima, likaendelea kuchachuka peke yake, na waliokuja kulifungua wakakuta kitu kipya. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, pipa lililofanya hivyo lilihesabiwa kuwa limeharibika. Leo chupa hiyohiyo ni bei ambayo nikikuandikia utadhani nimekosea sifuri.

Na makapi hawatupi! Yakishatolewa kwenye pipa la Amarone bado yana nguvu, basi wanamimina juu yake mvinyo wa kawaida wa mwaka uleule, unachachuka tena na kuvuta kilichobaki. Wanauita Ripasso. Nilicheka, nikamweleza mzee kwamba kwetu watu wa pwani hukamua nazi mara mbili, na machicha hayatupwi mpaka yametoa tui la pili. Alinitaka nirudie maelezo ya nazi polepole, akasikiliza kama mtoto.

Desturi hii ni ya kale kuliko nchi yenyewe. Katika karne ya 6, wakati Wagothi wakitawala Italia, kiongozi wao mkubwa serikalini, Cassiodorus, aliandika barua akitaka mvinyo wa Verona uletwe kwenye meza ya mfalme, na ndani ya barua akaeleza namna zabibu zinavyoning'inizwa mpaka majira ya baridi. Yaani hata siku hizo walikuwa wanaandikiana barua juu ya zabibu zilizoanikwa.

Nilipokuja huku nilidhani kuna kitu kimoja kinachoitwa mvinyo wa Italia. Hakipo. Mikoa yote 20 inatengeneza mvinyo, na aina za zabibu zilizoandikishwa ni zaidi ya 500. Ukimuuliza mtu anakunywa nini, anakutajia kilima. Kule Piemonte zabibu yao kuu ni nebbiolo, ambayo wengi wanasema imeitwa hivyo kwa ajili ya ukungu unaofunika vilima wakati wa mavuno, na Barolo inayotoka humo haiuzwi mpaka ikae miezi 38. Emilia wanakunywa Lambrusco, mwekundu wenye povu, kwa kuwa chakula chao kina mafuta ya nguruwe na povu linasafisha mdomo. Venezia glasi ndogo ya mvinyo inaitwa ombra, kivuli, na wenyewe wanasema wauzaji wa zamani walikuwa wakihamisha meza kufuata kivuli cha mnara wa kanisa la Mtakatifu Marko ili mvinyo usipate joto. Mengine nitakusimulia nikija. Mimi moyo wangu uko kwa wanaoanika.

Mashariki kidogo ya hapa, Breganze, vichala wanavisokota kwenye kamba mbilimbili na kuvitundika darini kama tunavyotundika mahindi. Mvinyo wake unaitwa Torcolato, yaani uliosokotwa.

Toscana nilikwenda mwezi wa kumi na moja, nikalala kwa bibi mmoja kwenye vilima vya Chianti. Wao wanaanika zabibu nyeupe, trebbiano na malvasia, kisha maji yake wanayatia kwenye vipipa vidogo, wanaviziba kabisa, na kuvipandisha chini ya mapaa. Vinaachwa humo miaka mitatu na zaidi. Kiangazi dari linawaka, majira ya baridi linaganda, na mvinyo ndani unachachuka, unalala, unaamka tena. Ndani ya kipipa huachwa tope zito la mvinyo uliotangulia ili limwamshe mgeni anayeingia. Tope hilo wanaliita mama. Mvinyo wenyewe ni Vin Santo, divai takatifu, na mojawapo ya sababu wanazotoa ni kwamba ulitumika kwenye Misa. Yule bibi alinipa kikombe kidogo na biskuti ngumu za lozi za kuchovya, kabla hata hajaniuliza nimetoka wapi. Mgeni akiingia, hicho ndicho kinachotangulia, kama kwetu chai. Nilikumbuka Jumapili zetu, tukiwa wadogo, tukinusa divai kutoka madhabahuni na kujiuliza ina ladha gani. Basi Mama Neema, ile ya yule bibi ilikuwa na ladha ya asali na karanga zilizokaangwa.

Lakini mahali nilipokukumbuka mpaka nikalia ni Pantelleria.

Ni kisiwa cha volkano, mawe meusi matupu, karibu zaidi na Tunisia kuliko na Sicilia. Nilikwenda Agosti kuvuna. Mvua ni haba, upepo haupumziki. Nyumba zao, dammusi, ni za mawe, na mapaa yake yana mabonde ya kukusanyia mvua na kuipeleka kisimani. Mchungwa mmoja hujengewa ukuta wa mviringo peke yake ili upepo usiuangamize. Na mizabibu! Hakuna nguzo, hakuna waya. Kila mmoja umechimbiwa kishimo, umepogolewa ukawa mfupi kama kigoda, na matawi yake yanatambaa ndani ya kile kishimo, chini ya upepo, yakinywa umande. Unavuna umepiga magoti. Mwaka 2014 UNESCO iliuandikisha ukulima huo katika urithi wa binadamu. Nilipokuwa napiga magoti mle nilifikiri juu ya mashimo yetu, tuliyochimba kwa sababu ileile, kutunza maji kidogo.

Siku ya pili mama mmoja mtu mzima alinionyesha vichala vilivyotandazwa juani, kando ya ukuta wa mawe, akasema: zibibbo. Nikasema: zabibu. Akadhani nimelitamka vibaya, akarudia: zibibbo. Nikamwambia hapana mama, mimi kwetu naiita zabibu, na nyanya yangu aliiita zabibu. Tulitazamana. Waarabu walikitawala kisiwa kile kwa karne kadhaa, wakaacha neno lao, na neno hilohilo likasafiri kwa majahazi mpaka pwani yetu, likapanda bara, likafika Dodoma kabla ya mzabibu wenyewe. Alinishika mkono akanipeleka jikoni, akanilisha.

Namna yao ndiyo inayokufaa wewe kuliko hii ya darini, kwa sababu jua mnalo. Zibibbo inatandazwa juani kwa wiki mbili, tatu, au nne kwa ile iliyokauka sana. Inageuzwa kwa mkono. Usiku inafunikwa, umande usiilowanishe. Kisha punje zinatolewa vikonyo, mojamoja, na kutiwa ndani ya maji ya zabibu mbichi zilizovunwa baadaye, ambayo tayari yanachachuka. Zile kavu zinaachia sukari na harufu yake polepole. Unatoka mvinyo wa rangi ya kaharabu, Passito, wenye harufu ya tende na ya lile tunda dogo la njano lililokaushwa wanaloliita albicocca. Kikombe kimoja kidogo kinatosha watu kukaa kimya.

Sikuambii uache kuuza mchuzi wa zabibu kiwandani, wala sikuambii uanze na shamba zima. Nakuomba ufanye hivi mavuno ya kiangazi, yale ya mwezi wa nane na wa tisa, si ya masika. Masika mvua itakuvunjia kila kitu. Chukua makreti manne tu. Chagua vichala vilivyolegea, ambavyo punje hazikubanana, maana vilivyobanana vinaozea katikati ambako hupaoni. Usivioshe. Vitandaze safu moja kwenye kichanja cha matete juu ya paa, upepo upite chini. Geuza kila siku, ondoa kilichooza, funika jioni kwa kitambaa, si kwa nailoni, nailoni inatoa jasho. Nyuki watakuja, chandarua cha zamani kitawazuia. Pima kichala kilekile kila asubuhi na uandike kwenye daftari. Zikipungua theluthi, nijulishe kabla hujakamua. Na uende Makutupora kwa wale watafiti wa zabibu, waulize kuhusu ile nyekundu yenye jina la kijiji chao inavumilia vipi kukaushwa. Ngozi yake ni nene ninavyokumbuka, na hapa ngozi nene ndiyo wanayoipenda, haipasuki.

Ikishindikana kuwa mvinyo, utakuwa na zabibu kavu kwenye gunia, na gunia halihitaji lori lije siku ileile.

Nakutumia picha za dari na za kile kisiwa kwenye simu ya Neema. Mwanzo wa mwezi wa tatu kuna padre wa huku anakuja Dodoma. Nitampa kichupa kidogo cha Recioto akuletee, uonje na mama. Yeye akirudi, mpe mlenda wa kukausha, mfuko mmoja tu. Mzee anataka kuuona. Nimeshamwambia kwamba bibi yangu naye alikuwa na dari lake, ila lilikuwa juu ya paa.

Rafiki yako,
Rehema