Kabla ya kupanda farasi mtoni

Mhariri,

Vikundi vya hapa Dar es Salaam vinavyopanga siku ya farasi kwenye hifadhi ya kale kando ya mto huanza na basi na pilau. Anzeni na uzito. Mpandaji pamoja na tandiko asizidi takriban asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kilo 80 kwa farasi wa kilo 400. Mwenye farasi akikataa kumpandisha mtu, msimnunie.

Kwa joto letu, pandeni saa 12:30 asubuhi, mshuke kabla ya saa 4. Viatu viwe na kisigino kifupi. Raba bapa hupenya kwenye kikuku, yaani chuma cha kukanyagia kwenye tandiko, na mtu akianguka huburutwa.

Tandiko linaweza kupinduka kwa sababu hii: baadhi ya farasi hutunisha kifua wakifungwa mkanda wa tandiko, kisha hukilegeza njiani. Tembeeni dakika kumi, mkaze tena.

Mkivuka maji, farasi akianza kuyapigapiga kwa kwato anataka kugaagaa, mpandaji akiwa juu. Inua kichwa chake, msukume mbele mara moja.

Na tafadhali, msimfunge farasi kwenye magofu ya hifadhi, wala kwa hatamu: akishtuka ataumia mdomo.

Wafugaji wa farasi,
Dar es Salaam