Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Gramu 250 na Mlango wa Jirani

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuzikana, kusaidiana na Kiswahili huku Ulaya,

Nianze na kosa langu. Kile kipeperushi cha kijani tulichogawa kwenye sherehe yetu ya Mei kilisema Benki ya Uwekezaji ya Ulaya haikopeshi mtambo wa umeme unaotoa zaidi ya "gramu 250 za hewa ukaa kwa kilowati". Ilitakiwa kuwa kwa kilowati-saa, yaani kwa kila uniti moja ya umeme, ile ile mnayoinunua nyumbani kwa LUKU au kwa tokeni. Aliyeliona ni fundi umeme wetu wa Liège, Ubelgiji, akanipigia usiku ule ule akicheka mpaka nikaogopa anaumwa. Niliandika mimi, nikahakiki mimi. Mweka hazina hana hatia, ingawa ndiye aliyelipia uchapaji. Nakala zilizosahihishwa zipo mezani pale mlangoni.

Ada, misiba tuliyochangiana na darasa la Kiswahili la watoto vyote vimo kwenye taarifa za mweka hazina na katibu. Nafasi yangu naitumia kwa kazi mliyotupa mkutano uliopita, ya kuifuatilia benki hii na sera yake ya mikopo.

Wapo waliouliza inatuhusu nini. Baadhi yenu mnapita mbele ya majengo yake kila asubuhi pale Kirchberg, Luxembourg, mkielekea kazini. Ilianzishwa 1958 na wenye hisa ni serikali 27 za Umoja wa Ulaya. Uingereza ilitoka mwaka 2020. Mtaji wake kwenye karatasi unakaribia euro bilioni 249, lakini sehemu ndogo tu imelipwa taslimu. Iliyobaki ni ahadi ya serikali kwamba zikiitwa zitatoa. Ahadi hiyo ndiyo inayoiwezesha benki kukopa kwa riba nafuu sokoni kwa kuuza hati fungani, kisha ikakopesha wengine kwa nafuu hiyo hiyo. Kwa hiyo sisi tunaolipa kodi huku ni wadhamini, hata kama hatukuwahi kuitwa kutia sahihi. Na mdhamini ana haki ya kuuliza hela zimekwenda wapi.

Sasa zile gramu.

Mwaka 2013 benki iliweka kikomo cha gramu 550 kwa kilowati-saa. Makaa ya mawe hutoa 800 hadi 1,000 hivi, kwa hiyo yalikwama mlangoni. Mtambo wa kisasa wa gesi, wenye gramu 350 hivi, ulipita bila hata kuinama. Kabla ya hapo benki ilikuwa imeshakopesha euro milioni 550 kwa kinu cha Šoštanj kule Slovenia, megawati 600 za makaa duni ya lignite, mradi ambao gharama yake ilipanda hadi kupita euro bilioni 1.4. Na Februari 2018, miaka zaidi ya miwili baada ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, iliidhinisha euro bilioni 1.5 kwa bomba la gesi la TAP, lenye kilomita 878, linalotoka mpaka wa Ugiriki na Uturuki, likapita Albania na chini ya bahari hadi Melendugno, kusini mwa Italia. Wakulima wa huko waliandamana mizeituni yao ilipong'olewa kupisha bomba.

Tarehe 14 Novemba 2019 bodi ya wakurugenzi ikapitisha sera mpya ya nishati. Kikomo kikashuka hadi gramu 250, na benki ikasema baada ya mwisho wa 2021 haitaidhinisha tena mkopo kwa mradi wa nishati ya makaa, mafuta au gesi ambao hewa ukaa yake haidhibitiwi. Haikuwa kazi nyepesi. Rasimu ya kwanza ilitaka mwisho uwe 2020; Ujerumani na wengine wakavuta kamba, kura ikaahirishwa Oktoba, na mwaka mmoja ukaongezwa ili miradi iliyokuwa mezani imalizike. Poland, Romania na Hungary zilikataa mpaka mwisho. Rais wa benki wakati huo alikuwa Werner Hoyer.

Kamati yetu imesoma nyaraka nyingi mwaka huu, nyingine za kuchosha sana, na maoni yangu ni haya: uamuzi ule ulishika kwa sababu ulikuwa na namba na tarehe. Mhandisi anapima gramu, karani anatazama kalenda, basi. Hakuna nafasi ya kusema "tutajitahidi".

Tuliona ilivyoshika mwaka 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine na gesi ikaadimika, serikali za Ulaya zilihangaika kama mtu aliyeishiwa mkaa wageni wakiwa sebuleni. Ungedhani benki ingelegeza kikomo. Haikulegeza. Badala yake Oktoba 2022 ilitangaza euro bilioni 30 za nyongeza kwa nishati jadidifu, matumizi bora ya umeme, gridi na mengineyo chini ya REPowerEU, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuacha kutegemea nishati ya Urusi, na Julai 2023 ikaongeza hadi bilioni 45.

Lakini waliokosa gesi mlango huu walibisha wa jirani. Machi 2022 serikali ya Ujerumani iliipa benki yake ya umma, KfW ya Frankfurt, kazi ya kushika nusu ya hisa za kituo cha kupokelea gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika kule Brunsbüttel. Kituo cha kwanza cha kuelea, kile cha Wilhelmshaven, kilizinduliwa Desemba mwaka huo huo. Siwalaumu Wajerumani kwa kuogopa baridi. Nimeishi Aachen, naijua Januari ya huko. Nasema tu kwamba serikali ile ile ni mwenye hisa mkubwa Luxembourg na mwenye mali Frankfurt. Huku inapiga kura ya kuacha gesi, kule inajenga bandari ya gesi. Mkisikia Ulaya imeacha kukopesha gesi, ulizeni ni benki ipi.

Kuna na tundu ndani ya mlango wenyewe. Oktoba 2021 benki ilitunga kanuni za kumtazama mkopaji, si mradi peke yake. Kampuni kubwa inayochafua hewa, na isiyo na mpango wa kuaminika wa kupunguza, isipewe hela hata kama inaomba mkopo wa paneli za jua, kwa sababu hela za mfuko wa kushoto huuachia nafasi mfuko wa kulia. Ilikuwa kanuni nzuri. Mwaka mmoja baadaye, kwa hoja ya dharura ya vita, bodi ikaweka msamaha: miradi ya nishati jadidifu na ya kuchajia magari ya umeme ndani ya Umoja wa Ulaya iliweza kukopeshwa hata mkopaji akiwa mchafuzi. Msamaha huo unakwenda hadi 2027. Nawaomba mwaka huo muukumbuke, nitaurudia.

Kisha yapo mambo ya asilimia. Katika mpango wake wa 2021 hadi 2025, uitwao ramani ya tabianchi, benki iliahidi kwamba ifikapo 2025 angalau nusu ya mikopo yake iende kwenye tabianchi na mazingira, na kwamba itachochea uwekezaji wa euro trilioni moja katika mwongo huu. Nusu imeshavukwa. Kwa 2024 kundi zima la benki limetia sahihi mikataba ya euro bilioni 89 hivi, na karibu asilimia 60 imehesabiwa kuwa ya kijani. Nadia Calviño, aliyeshika urais Januari 2024, ana haki ya kuyataja hayo. Mimi asilimia hazinipi usingizi mzuri kama zile gramu. Asilimia inakwambia kilichoingia kwenye kapu. Haikwambii kilichokataliwa, wala kilichomo kwenye zile arobaini nyingine.

Nisiwe mlalamishi tu. Kazi niliyoipenda kuliko zote ni dhamana za mitambo ya upepo. Kiwanda cha mitambo hiyo kikipata oda, mnunuzi hulipa sehemu kabla, naye hudai barua ya benki kwamba kiwanda kikishindwa atarudishiwa hela zake. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vimepata hasara miaka mfululizo, benki za biashara zikasita kuviandikia barua hizo, kwa hiyo oda zilikuwepo ila hazitekelezeki. Benki ya Uwekezaji ikatenga euro bilioni 5 kuzidhamini benki zenyewe. Ya kwanza kutangazwa ilikuwa Deutsche Bank, milioni 500, mwaka 2024. Wale mnaocheza upatu mnaelewa mara moja: mama mmoja anayeaminika akisema "huyu niandikie mimi", mzunguko unaendelea.

Kikao cha Septemba kilikuwa kikali, na sitakificha. Mwanachama wetu wa Mtwara alisimama akasema Ulaya imepika kwa makaa na gesi miaka mia mbili, imejilipia bomba mpaka Italia mwaka 2018, halafu inafunga daftari la mikopo pale Tanzania inapotaka kuchimba gesi yake ya Lindi. Alipigiwa makofi. Mwanachama wa Goma akajibu kwamba kwao mafuriko hayasubiri nani alianza. Naye alipigiwa makofi, na watu wale wale. Mimi naona wa Mtwara ana hoja juu ya haki, na wa Goma ana hoja juu ya wakati, na kwamba jibu la benki kwa hoja ya kwanza haliwezi kuwa kimya. Ukimfungia mtu mkopo wa gesi, mpe mkopo wa kitu kingine kwa riba ile ile unayojipa mwenyewe. Tangu Januari 2022 benki ina tawi la kazi za nje ya Ulaya, EIB Global, na ofisi ya kanda iko Nairobi. Tuipime kwa hilo.

Tena tuipime kwa ardhi. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, Marsabit, ulipata kutoka benki hii euro milioni 200. Mitambo 365, megawati 310, kijani kisicho na doa ukitazama gramu. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha taratibu. Olkaria nako, Wamaasai waliohamishwa kupisha umeme wa mvuke wa ardhini walipeleka malalamiko Luxembourg na Benki ya Dunia. Upatanishi ulifanyika, na makubaliano yakafikiwa 2016. Ofisi ya malalamiko ya benki ipo, inapokea barua kutoka kwa mwananchi yeyote, na si lazima uwe mwanasheria. Wenye ndugu maeneo ya miradi wapelekeeni habari hiyo.

Hilo linanifikisha kwenye ajenda namba 6, ambayo wengi hamkuielewa mlipopata barua ya mwaliko.

Mwaka 2018 shirika la wanasheria wa mazingira, ClientEarth, liliiomba benki ipitie upya mkopo wa euro milioni 60 kwa kinu cha kuchoma mabaki ya misitu kule Curtis, Galicia, Hispania. Benki ilikataa, ikidai uamuzi wa kukopesha si wa aina inayoweza kupitiwa kwa sheria ya mazingira ya Umoja wa Ulaya. Januari 2021 Mahakama Kuu ya Umoja huo ikasema benki imekosea. Rufaa ilitupwa Julai 2023. Kwa hiyo mkopo unaweza kuhojiwa kisheria.

Nani anaweza kuhoji? Shirika lisilo la faida, lililosajiliwa, ambalo lengo lake kuu lililoandikwa ni kulinda mazingira, na ambalo limekuwepo na kufanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili. Sisi tumesajiliwa, lakini kifungu cha 2 cha katiba yetu kinasema lengo letu ni "kuzikana, kusaidiana na kukuza lugha ya Kiswahili". Ni kifungu kizuri na sipendekezi kukigusa. Njia nyingine, inayotaka sahihi 4,000 za wakazi wa nchi angalau tano, ni ndefu kuliko mikono yetu.

Napendekeza tusajili chama kidogo pembeni, wanachama wale wale wanaopenda, chenye lengo hilo moja. Kikisajiliwa kabla ya Juni 2025, miaka miwili itatimia katikati ya 2027, wakati msamaha ule wa wachafuzi unapofika mwisho na benki italazimika kuamua kama inauongeza au inauacha. Ramani ya tabianchi yenyewe ni ya hadi mwisho wa 2025, na nyingine inafuata. Mei 2024 bodi ililegeza pia masharti ya kukopesha miradi ya ulinzi, kwa hiyo mezani pale Luxembourg kutakuwa na wageni wengi wanaogombea sahani moja.

Gharama ya usajili mtaisikia kwa mweka hazina. Rasimu ya katiba ya chama hicho ina kurasa tatu, imesomwa na kusahihishwa na fundi wa Liège, na safari hii vipimo vyote ni vya kilowati-saa. Kura itapigwa Jumamosi kabla ya chakula, maana baada ya pilau sijawahi kupata akidi.

Mwenyekiti wenu