Kabla ya kumtoa mtoto shuleni, uliza nani atamsajili mtihani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wanaofikiria kumtoa mtoto shuleni na kumsomesha nyumbani. Sababu zao zinaeleweka. Basi la shule linapita saa kumi na moja alfajiri mtoto bado anasinzia, darasa limejaa hadi wengine wanaandikia magotini, fimbo haziishi. Na tangu mwaka 2023 Serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, wako wazazi wanaofanya kazi mbali ambao hawajui wamweke wapi mtoto. Sababu nazikubali zote. Kinachonikera ni kwamba mzazi huanza kuuliza anunue vitabu gani, wakati swali la kwanza ni mtoto atafanya mtihani gani na nani atamsajili.

Kwa anayefuata mtaala wa Tanzania, mitihani ya darasa la nne na la saba husajiliwa na shule. Mwalimu mkuu ndiye anayemwingiza mtoto kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, mtoto anapata namba, na namba hiyo inamfuata akihama. Darasa la saba halina mtahiniwa wa kujitegemea, yaani anayejisajili bila kuwa mwanafunzi wa shule, kama kidato cha nne. Usajili hufungwa miezi mingi kabla, hivyo anayekwenda kwa afisa elimu kata mwezi wa Julai kuulizia mtihani wa Septemba atarudi mikono mitupu. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe na ahudhurie shule ya msingi, na mzazi anayepuuza anaweza kushtakiwa. MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ipo, lakini iliwekwa kwa ajili ya waliokosa shule umri ukapita, haikuwekwa kwa ajili ya aliyekuwa nayo akaiacha.

Sekondari mlango upo. Ambaye hakupita kidato cha kwanza na cha pili shuleni hufanya QT, yaani Mtihani wa Maarifa, na akifaulu anajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Dirisha la usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka kwa mtihani wa Novemba, na mtahiniwa anapitia kituo kinachotambuliwa. Jambo ambalo wengi hawalijui hadi matokeo yatoke ni la tathmini endelevu, yaani alama zinazokusanywa shuleni kabla ya mtihani wa mwisho. Mwanafunzi wa shule anabebwa na alama za tathmini hiyo kwa asilimia 30. Wa kujitegemea hana akiba hiyo, chote alichonacho ni karatasi ya siku ile. Akiugua malaria wiki ya mtihani, imekula kwake.

Wengine hukimbilia mtaala wa Cambridge. Kweli IGCSE, mtihani wa mtaala huo wa ngazi ya kidato cha nne, inaweza kufanywa na mtahiniwa binafsi kupitia British Council au shule ya kimataifa inayopokea watu wa nje, Mei na Juni au Oktoba na Novemba. Ila ada inalipwa kwa kila somo, na kwa masomo saba ni fedha nyingi hata kabla ya vitabu. Fizikia, kemia na baiolojia lazima uchague karatasi ya 6, ile inayoulizia majaribio kwa maandishi, kwa sababu karatasi ya 5 inahitaji maabara. Na cheti kikishapatikana, kipelekwe Baraza la Mitihani kufanyiwa ulinganifu kabla ya kuombea chuo hapa nchini.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtoto wa msingi ni mwepesi, hata kama hautawafurahisha waliokwisha kuamua: mwandikishe shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani, hata kama jina lake si kubwa, kisha ufundishaji wa kweli ufanye mwenyewe, saa moja kila jioni na saa mbili Jumamosi. Namba yake inabaki salama, na saa mbili za kwenye foleni unazirudisha mezani.

Sasa huo ufundishaji. Kosa la kwanza liko kwenye kusoma. Mzazi aliyezoea Kiingereza humfundisha mtoto majina ya herufi, "em" na "ei", halafu anashangaa mtoto hasomi "ma". Kiswahili hufundishwa kwa sauti: a, e, i, o, u kwanza, kisha mmm ikiunganishwa na kila irabu, ma me mi mo mu, ndipo uhamie konsonanti nyingine. Silabi kama ng'a, nga, mbwa na nywa ziache mwishoni. Na usidanganywe na mtoto anayesoma ukurasa mzima kama kasuku. Funika picha, weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari wa tatu. Akianza kunong'ona sentensi toka mwanzo ili alifikie neno hilo, hajasoma, amekariri. Rudi kwenye silabi.

Hesabu nazo zina mtego wake, na karibu kila mtoto hunasa palepale. Mpe 52 kutoa 27. Akiandika 35, usimwambie tu kwamba amekosa, angalia alivyofika huko: ameona mbili ni ndogo kuliko saba, akageuza, akatoa mbili kwenye saba, kisha mbili kwenye tano. Kukaripia hakusaidii. Chukua njiti za kiberiti, funga mafungu matano ya kumi kwa raba, weka mbili pembeni. Mwambie atoe saba. Hazitoshi, itabidi afungue fungu moja mwenyewe, abaki na mafungu manne na njiti kumi na mbili. Akishatoa saba, atoe na mafungu mawili ya ile ishirini. Zitabaki 25. Arudie hivyo kwa maswali kumi na tano hivi kabla ya kushika kalamu tena. Wazazi wengi huondoa njiti mapema mno kwa kuona ni mambo ya chekechea.

Vitabu visikusumbue. Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo kwenye maktaba mtandao yake, bure. Angalia tu mwaka wa toleo, maana mtaala mpya umekuwa ukiingia kwa awamu tangu Januari 2024 na vitabu vya zamani bado vimejaa kwenye meza za wauzaji wa mitumba.

Kitu kingine kinachowaangusha waliosomea nyumbani hakihusiani na akili. Maswali mengi ya darasa la saba hujibiwa kwa kutia weusi kwenye fomu maalumu kwa penseli ya HB. Mtoto ambaye hajawahi kuigusa fomu hiyo huruka swali la 12, halafu jibu la 13 analiweka kwenye mstari wa 12, na kuanzia hapo mpaka mwisho yote yamesogea. Omba mitihani ya majaribio ya kata, mfanyishe nyumbani kwa saa ya ukutani, mara tano au sita.

Na ukishindwa katikati, maana wengi hukata tamaa ndani ya miezi mitatu, mrudishe Januari kuliko Agosti. Mwalimu mkuu atampa jaribio kabla ya kumpangia darasa. Nenda na cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho kutoka shule aliyotoka, namba yake ya PReM, na madaftari yenye tarehe kila ukurasa. Yasiyo na tarehe hakuna atakayeyafungua.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro