Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wote, Durban

Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni, vijana habari zenu. Hesabu mtazisikia kwa mweka hazina, mi naenda moja kwa moja kwenye mabadiliko ya mwaka huu.

Sisi wageni tunaishi hapa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, miaka yote, misiba ya wenyeji Wazulu tunakwenda na yetu wanakuja, ila chama tulikuwa tunakiendesha kwa karatasi tu, yaani kamati inaandika mpango, inausoma, watu wanapiga makofi halafu michango haionekani. Safari hii tukaamua kukaa kwa mtindo wa indaba, yaani baraza la Kizulu. Kwenye baraza hilo mtu anaongea mpaka amalize, hakatizwi, na inkosi, yaani chifu au mfalme, anasikiliza wote kwanza ndo anafunga yeye, maana wenyewe wanasema inkosi yinkosi ngabantu, bila watu hamna mfalme. Na wala si mambo ya kijijini tu, mkutano wa UN wa tabianchi hapahapa Durban 2011 ulitumia indaba na Paris 2015 wakaichukua. Kitu kimoja hatukuiga, zamani baraza lilikuwa la wanaume, kwetu kina mama ndo walifungua.

Na hapo ndo dira yetu ilipopatikana jamani! Mama yetu mmoja anayeuza vitenge pale soko la Warwick alisimama akasema chama hiki kinajulikana kwa kusafirisha maiti tu, mtu akiwa hai anahangaika peke yake, kwa nini? Ukumbi ukatulia, halafu kila aliyefuata akawa anaongezea palepale.

Ili kumsaidia mtu akiwa hai, tukachukua desturi ya Kizulu ya ukusisa. Mzulu mwenye ng'ombe wengi anampa jirani asiye nao awafuge, jirani anakunywa maziwa, analimia maksai, ng'ombe wanabaki wa mwenyewe na ndama pia, ila akiwatunza vizuri anaweza kuzawadiwa mmoja. Sisi hatuna ng'ombe, tuna cherehani. Chama kimenunua, anapewa dada aliyefika juzijuzi, anashona, hela ya kushona yake yote, akishajinunulia ya kwake ile inahamia kwa mwingine. Ya kwanza imeshahama, na aliyeirudisha aliipaka mafuta na kuweka sindano mpya bila kuambiwa na mtu, nilifurahi sana kwa kweli.

Ilimo, yaani kazi ya kusaidiana, pia tumeianza, wenzetu wa Upare mtasema huu si ndo msaragambo, sawa kabisa. Kwa Wazulu mwenye shamba anawaita majirani, wanakuja alfajiri na majembe, wanalima wakiimba, hamna malipo, yeye anawapikia chakula na pombe ya mtama, na kesho akiitwa kwa jirani anakwenda. Sisi tumehamisha vibanda vya wanachama na kupaka rangi saluni, badala ya pombe tukaweka chai na maandazi. Wanaokuja bado ni walewale lakini, hilo linaniuma.

Kwenye mkutano mkuu tutakaa duara tena, ajenda ni mbili tu: cherehani ziongezwe kwa hela ipi, na zamu za ilimo zipangwe kwa mtaa. Mwenye hoja nyingine amtumie katibu meseji mapema.